Shajara ya mradi: X230 ya 2012 yapata kibodi ya X220, kioo cha 1080p na Wi-Fi 6

Mashine na lengo

ThinkPad X230, kompyuta mpakato ya Lenovo, ilitoka mwaka 2012. Ina kioo cha inchi 12.5, nafasi mbili za RAM zinazochomoka, nafasi ya diski ya inchi 2.5, na nafasi ya pili ya mSATA (SSD ndogo yenye umbo la kadi) pale panapokaa kadi ya modemu. X240 iliyofuata ilibaki na nafasi moja tu ya RAM, na hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini watu bado wanaitafuta X230 kwenye mitumba ya kompyuta.

Mashine ya mradi huu ina Core i5-3320M: kokwa mbili, nyuzi nne, 2.6 GHz ikipanda hadi 3.3 GHz. CPU imelehemiwa kwenye ubao mama, haibadilishwi. Anayetaka kokwa nne aache X230, atafute T430, ambayo CPU yake inakaa kwenye soketi na inapokea i7-3632QM ya wati 35. Kwa X230 kinachobadilika ni kila kitu kinachoizunguka CPU.

Vipuri vilivyopangwa:

– RAM DDR3L ya 1600 MHz, vipande viwili vya GB 8
– SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene wa mm 7
– SSD ya mSATA
– kadi ya Wi-Fi ya Intel AX200 pamoja na adapta ya kuigeuza kuwa mini PCIe nusu
– kibodi ya safu saba ya X220 (ya T420, T520 na W520 ni ileile)
– kioo cha 1920×1080, LP125WF2-SPB2, pamoja na kibao kidogo cha saketi cha kukiunganisha, kiitwacho hapa "bodi ya FHD"
– programa ya CH341A (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) na klipu ya SOIC-8 ya kuing'ata chipu
– pesti ya CPU, tepu ya kaptoni (nyembamba, haipitishi umeme, inavumilia joto), tupa ndogo, pombe ya isopropili

Mpangilio ndio unaoamua kama kazi itakwenda au itakwama. Programu za ndani ya chipu zinatangulia, vipuri vinafuata. Ukifunga kadi ya Wi-Fi kabla ya kurekebisha BIOS (programu inayoiamsha mashine), mashine inagoma kuwaka. Ukirekebisha BIOS kabla ya EC (kidhibiti cha kibodi na betri), umejifungia njia rahisi ya kuifikia EC. Ukifunga kibodi ya X220 kabla ya EC, vitufe kadhaa vinatoa herufi au kazi isiyo yake, na hapohapo ndipo unapovihitaji ili uingie kwenye mipangilio.

Ukaguzi kabla ya kulipa

X230 nyingi zinazofika Kariakoo au Luthuli Avenue zimetoka maofisini Ulaya, au zimepitia Dubai. Ofisi huacha vitu viwili nyuma: nywila ya msimamizi na Computrace, mfumo wa kufuatilia mashine iliyoibwa. Washa mashine, bonyeza F1. Ikiomba nywila kabla ya kukuonyesha chochote, au ikifungua ukurasa lakini mistari mingi imefifia haibadiliki, nywila ya msimamizi ipo. Haiondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya CMOS, maana imehifadhiwa kwenye EEPROM. Kwa mradi huu mashine ya namna hiyo ni hasara, hata ikiuzwa kwa bei ya chee. Kwenye ukurasa wa Security tazama pia Computrace: ikiandikwa kuwa imewashwa, rudisha mashine kwa muuzaji.

Ukurasa wa kwanza unaonyesha toleo la BIOS, linaloanza na G2ET. Namba iliyo kwenye mabano ndiyo inayohusika. 2.60 au chini yake ni sawa. Zaidi ya hapo kuna kazi ya ziada ya kuishusha, kwa kifurushi kinachoitwa IVprep, kinachoendeshwa ndani ya Windows.

Kwa betri, usiamini asilimia inayoonyeshwa. Washa Linux kutoka kwenye flashi, kisha soma mafaili mawili yaliyo ndani ya /sys/class/power_supply/BAT0: energy_full na energy_full_design. Gawanya la kwanza kwa la pili. Chini ya nusu, ihesabu betri kuwa haipo.

Ikiwaka na kutoa 0251 au 0271, hiyo ni betri ya CMOS iliyokufa na saa iliyopotea. Si sababu ya kuikataa mashine, ila ni sababu ya kuomba punguzo.

Nakala ya chipu

Hatua hii wengi huiruka kwa sababu 1vyrain, programu itakayotumika kurekebisha BIOS, haiidai. Mradi huu haukuiruka. Umeme ukikatika katikati ya kuflashi (kuandika chipu upya), au flashi ya USB ikiwa na hitilafu, nakala hii pamoja na programa ndiyo njia ya pekee ya kuifufua bodi.

X230 ina chipu mbili za BIOS zilizo chini ya sehemu ya kuwekea viganja, zimefunikwa na karatasi nyeusi ya plastiki. Iliyo karibu na kioo ni ya MB 4, iliyo karibu na padi ya kugusa ni ya MB 8. Kwa bodi ni kama kitu kimoja cha MB 12, lakini kwa programa ni mbili na husomwa mojamoja.

Chomoa chaja, toa betri kubwa, chomoa na ile ya CMOS. Uzi wenye rangi nyekundu kwenye waya wa klipu ni pini ya 1. Kwenye chipu, pini ya 1 ina kitone kilichochongwa pembeni. Ukikosa mwanga wa kutosha kitone hakionekani, na klipu ikigeuka unapeleka umeme kwenye pini isiyo yake. Tumia tochi ya simu kutoka pembeni, si kutoka juu, kitone kitajionyesha kwa kivuli chake.

Soma mara mbili, linganisha:

flashrom -p ch341a_spi -r juu1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r juu2.bin
sha256sum juu1.bin juu2.bin

Namba zikilingana na faili lina baiti 4194304 kamili, chipu ya juu imesomwa. Ya chini itoe baiti 8388608. Namba zikitofautiana, klipu haijashika vizuri: itoe, sugua miguu ya chipu kwa pombe, iweke upya. Faili ambalo lote ni FF halina kitu ndani, hata kama namba zake zinalingana mara zote mbili. Lifungue kwa hexdump uone kabla ya kulitunza.

Tahadhari kuhusu CH341A nyeusi: chipu inapewa volti 3.3, lakini njia za data za ubao ule hutoka na volti 5. Wengi wameitumia na chipu zikapona, ila si jambo la kulitegemea. Kuna marekebisho ya kuinua mguu mmoja wa CH341A na kuupa volti 3.3, na kuna zilizotengenezwa upya zenye swichi ya volti. Nunua yenye swichi.

Weka mafaili haya sehemu mbili tofauti. Ndani yake mna anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, kwa hiyo nakala ya X230 ya jirani haiwi mbadala kamili.

EC: kibodi na betri

EC ni kidhibiti kidogo kinachosimamia kibodi, feni, taa na kuchaji. Ina programu yake, tofauti na BIOS. Mradi wa thinkpad-ec huchukua faili la Lenovo lenyewe la kusasisha BIOS, unarekebisha sehemu ya EC, kisha unalifunga tena liwe picha ya kuwashia mashine. Kwa kuwa unapitia kisasishi cha Lenovo, lazima BIOS iwe bado ya Lenovo. Ndiyo maana EC inatangulia.

Kwenye Debian au Mint weka git, build-essential, mtools na libssl-dev, shusha mradi, kisha:

make patch_enable_battery clean
make patched.x230.img

Marekebisho ya kibodi yapo tayari. Mstari wa kwanza unaongeza ya betri, yaani EC itaacha kukataa betri isiyo ya Lenovo. Faili likishapatikana, liandike kwenye flashi kwa dd, ukiwa umehakiki kwa lsblk kuwa herufi ya diski ni ya flashi. Andika of=/dev/sda kwa haraka na mfumo wako wote umekwenda na maji.

Kwenye BIOS weka haya: UEFI/Legacy Boot iwe Both na Legacy ianze; Flash BIOS Updating by End-Users iwe Enabled; Secure RollBack Prevention iwe Disabled. Hilo la mwisho likisahauliwa, kisasishi kitakataa kushusha toleo.

Kisasishi hakianzi mpaka kione chaja na betri vyote viwili, na betri iwe na chaji. Sharti hilo ni la kheri. Huku kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, betri ndiyo inayoimaliza kazi. Kwa maana hiyo betri mbovu iliyobainika kwenye ukaguzi ibadilishwe kwa ya kuazima kabla ya hatua hii. EC iliyokatika nusu haifufuliwi kwa klipu ile ya SOIC-8, kwa sababu programu yake haikai kwenye chipu zile mbili.

Mashine itajizima na kuwaka yenyewe. Kibodi ya zamani ya X230 ikianza kukosea baadhi ya vitufe vya Fn, EC imekubali.

BIOS: 1vyrain

BIOS ya Lenovo ina orodha ya kadi za Wi-Fi inazozikubali. Kadi isiyo kwenye orodha inaleta kosa 1802 na mashine inasimama hapo. 1vyrain inaifuta orodha hiyo na inafungua ukurasa wa mipangilio ya ziada. Haihitaji kufungua mashine.

Rudisha BIOS kwenye UEFI, zima Secure Boot, washa kutoka kwenye flashi yenye 1vyrain, fuata maelekezo. Katikati ya kazi mashine inalala kisha inaamka. Usiguse chochote: ulinzi wa chipu unafunguliwa katika hatua hiyohiyo ya kuamka, na ndiyo pengo ambalo programu hii inalitumia. Chaja na betri vyote viwepo.

Njia nyingine ni coreboot, BIOS mbadala iliyo huria, ambayo inaiwezesha X230 vizuri kabisa na kuondoa BIOS ya Lenovo moja kwa moja. Inahitaji klipu, na mipangilio mingi uliyozoea kuibonyeza kwenye F1 inahamia kwenye faili la kujenga. Kwa mashine ya kazi za kila siku itakayotumiwa na mtu asiye fundi, 1vyrain inatosha. Kwa anayetaka kuipunguza Intel ME (kidhibiti kilichofichwa ndani ya chipu za Intel) iwe ndogo kabisa, njia ni coreboot.

RAM na diski

Mfuniko mdogo wa chini unafichua RAM zote mbili. Weka vipande viwili vya GB 8, si kimoja. HD Graphics 4000 haina kumbukumbu yake, inakula ya RAM, na njia mbili za RAM zinaipa nafasi ya kupumua ambayo njia moja haiipi. Jumla ya GB 16 ndio ukomo. Vipande vya volti 1.35 na vya 1.5 vyote vinafanya kazi, ila usichanganye.

Diski ya unene wa mm 9.5 haiingii. Iwe mm 7, pamoja na vile viraba viwili vya pembeni. Bila viraba diski inacheza na konekta inalegea.

Mfumo unakaa kwenye diski ya inchi 2.5, data kwenye mSATA, wala si kinyume chake. Nafasi ya inchi 2.5 ni SATA ya 6 Gb/s, na ile ya mSATA ni ya 3 Gb/s. SSD ileile inayosoma zaidi ya MB 500 kwa sekunde upande mmoja, upande wa pili inagota kwenye 270 hivi. Kuna wanaouza mSATA za "kasi mpya" kwa bei ya juu kwa ajili ya X230. Kasi hiyo hutaiona.

Wi-Fi

AX200 ni kadi ya M.2, X230 ina mini PCIe nusu, kwa hiyo kuna adapta katikati. Mambo matatu huharibu ununuzi huu.

La kwanza ni kununua AX201 au AX211 kwa sababu ni mpya na ni rahisi. Hizo ni za CNVi: nusu ya kazi ya Wi-Fi inafanywa na chipseti mpya za Intel, na kwenye mashine ya 2012 hazitaonekana kabisa. AX200 na AX210 ndizo zinazojitegemea.

La pili ni waya za antena. Kadi za mini PCIe zina vitufe vya antena vikubwa kidogo, M.2 ina vidogo zaidi, na vichwa vya waya wa X230 havishiki kwenye kadi mpya. Ukivilazimisha, kitufe cha kadi kinang'oka pamoja na shaba yake. Nunua adapta ambayo imeshatoa vitufe vya ukubwa wa zamani, au vipande vifupi vya waya vya kugeuzia.

La tatu ni urefu. Adapta zipo ndefu na nusu. Ile ndefu inagonga ukingo wa nafasi.

Kwa upande wa kasi hakuna kinachopotea. Nafasi ya X230 ni PCIe 2.0 ya njia moja, takriban MB 500 kwa sekunde. AX200 hata kwenye chaneli ya 160 MHz haifiki 2.5 Gb/s, sawa na kama MB 300. Linux ianzie kernel 5.1 kwenda juu.

Kibodi ya safu saba

Ukubwa wa nje wa kibodi ya X220 na ya X230 unaingiliana, konekta ni ileile, hata vitufe vitatu vya TrackPoint (kile kidude chekundu cha kuongozea mshale) vinakuja na kibodi. Kinachozuia ni mambo mawili, moja la tupa na moja la umeme.

La tupa: kwenye ukingo wa chini wa bati la kibodi ya X220 kuna vijino vinavyoingia chini ya sehemu ya viganja. Sehemu ya X230 imeumbwa tofauti kidogo, vijino vinainua kibodi na kuacha tumbo katikati. Vipunguze kwa tupa, kidogokidogo, ukijaribisha. Funga bati kwa tepu ya karatasi kwanza, geuza kibodi ielekee chini, na upulize unga wa chuma kabla ya kuigeuza. Unga huo ukiingia chini ya vitufe au kwenye bodi ndio chanzo cha shoti zisizoelezeka wiki mbili baadaye.

La umeme: X230 inapeleka umeme wa taa za kibodi kupitia pini ambazo kwenye kibodi ya X220 zimeunganishwa na hasi. Kibodi ya X220 haina taa, lakini bodi haijui hilo. Mtu akibonyeza Fn na Space, umeme wa taa unakwenda moja kwa moja hasi. Pini hizo zifunikwe kwa ukanda mwembamba wa kaptoni kwenye konekta ya kibodi. Usitumie tepu ya umeme ya kawaida: ni nene, konekta haikai, na gundi yake inayeyuka kwa joto la bodi. Ukishabandika, pima kwa mita kwenye kipimo cha mlio kati ya pini zilizofunikwa na bati la kibodi: isilie. Kisha pima pini ya jirani uone kuwa kaptoni haikuvuka mipaka.

Kutoa kibodi ya zamani: fungua skrubu za chini zenye alama ya kibodi, isukume kuelekea kwenye kioo, nyanyua ukingo wa mbele. Utepe wake ni mfupi. Usiivute juu kwa pupa.

Baada ya hapo mwangaza unapanda kwa Fn na Home, unashuka kwa Fn na End, na ThinkLight iliyo juu ya kioo inawaka kwa Fn na PgUp. Kwa mtu anayeandika usiku, kupoteza taa za kibodi ni gharama ya kweli, na aambiwe mapema. Anachopata ni Delete ndefu, Insert, na Home, End, PgUp na PgDn kwenye kundi lao la pembe ya juu kulia, mahali ambapo kidole cha mwandishi wa programu kinapatafuta.

Kioo cha 1080p, na pesti kwa safari hiyohiyo

Hii ndiyo hatua ya pekee isiyorudi nyuma kirahisi, na ndiyo ghali kuliko zote. Iliwekwa karibu na mwisho makusudi: hakuna haja ya kulehemu bodi ambayo bado haijathibitika kuwa nzima.

Kioo cha asili ni 1366×768 kupitia LVDS, njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye kioo. Konekta ya kioo ya X230 inatoa chaneli moja tu ya LVDS, na chaneli moja ya Intel inaishia takriban 112 MHz. Picha ya 1920×1080 kwa 60 Hz inataka kama 138.5 MHz. Hakuna programu itakayoziba pengo hilo. Bodi ya FHD inaikwepa LVDS: inakwenda kuchota DisplayPort kwenye njia za doki (kituo cha kuegeshea mashine), na kuipeleka kama eDP, yaani DisplayPort ya ndani ya mashine, kwenye kioo kipya cha pini 30. Njia mbili za DisplayPort za 2.7 Gb/s kila moja zinabaki na 4.32 Gb/s za data halisi, na picha yenyewe kwa biti 24 inahitaji kama 3.3. Inatosha na chenji inabaki.

Gharama yake: tundu la DisplayPort la doki linalotumia njia hiyo linakufa. Mini DisplayPort na VGA za mashine yenyewe zinaendelea.

Kwa kuwa lazima kioo na ubao mama vitoke, hapa ndipo pa kusafisha feni na kubadilisha pesti. Kwenye X230 feni haifikiki bila kufungua karibu mashine yote, na kufungua mara mbili ni kuvunja vibano vya plastiki mara mbili. Pesti ya zamani kwa kawaida imekauka kama chokaa. Ifute kwa pombe, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele kwenye CPU na vivyo hivyo kwenye chipu yoyote nyingine inayoguswa na bati la shaba, kaza skrubu kwa kupishanisha. Kwenye mapezi ya shaba, vumbi la Pwani linachanganyika na unyevu likawa kama blanketi. Blowa hailitoi, brashi ya meno inalitoa. Shikilia feni isizunguke unapopuliza.

Kulehemu: pasi yenye ncha nyembamba, fluksi ya kutosha, risasi ya mm 0.3 hadi 0.5, waya za enameli fupi kadiri inavyowezekana. Jozi za DisplayPort ziwe na urefu sawa na zikae pamoja. Waya moja ikizunguka mbali, picha inawaka kisha inapotea, au inatokea tu unapoikunja bawaba. Paka kila pedi risasi kwanza, paka na waya, ndipo uviguse pamoja kwa sekunde moja. Ukishikilia pasi muda mrefu pedi inang'oka, na hapo kazi imeingia kwenye darubini.

Kabla ya kufunga chochote, pima kwa mita kati ya kila waya na jirani yake, kisha kati ya kila waya na hasi. Unganisha kioo kikiwa kimelala juu ya kitambaa, washa. Dalili na chanzo:

Taa ya nyuma inawaka, picha hakuna: jozi ya data au AUX (njia ya mazungumzo kati ya bodi na kioo) haijashika.
Picha ipo, taa hakuna: njia ya taa kutoka konekta ya LVDS. Mulika kioo kwa tochi, utaona picha hafifu.
Picha inacheza au ina vidoadoa vya rangi: urefu wa waya au risasi baridi.
Hakuna chochote: utepe wa eDP umeingia upande. Zima mara moja.

Kioo kipya ni chembamba na hakina masikio ya skrubu kama cha zamani. Kinashikwa kwa tepu ya pande mbili, ile ya kuvutika, iliyobandikwa nyuma kwenye kingo tu. Ukibandika katikati, alama itaonekana kama wingu kwenye picha nyeupe. Pitisha utepe kwenye bawaba ukiwa umelegea, funga na ufungue mfuniko taratibu kabla ya kukaza fremu.

Kwenye Linux kunazuka kioo hewa: mfumo bado unadhani LVDS ipo, na madirisha yanafunguka mahali pasipoonekana. Kwenye /etc/default/grub ongeza video=LVDS-1:d ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha update-grub.

Betri na chaja

Betri ya 44+ ni ya seli 6, takriban Wh 63. 44++ ni ya seli 9, Wh 94, na inachomoza nyuma. X230 ikiwa imetulia kwenye kazi za kuandika hula wati 8 hadi 10, kwa hiyo betri kubwa ikiwa mpya ni saa tisa na zaidi. Betri za kuiga zinapokelewa sasa baada ya marekebisho ya EC, lakini kukubaliwa si kuthibitishwa. EC inasoma kile ambacho betri inajisemea. Ichaji mara ya kwanza ukiwa karibu nayo, na ikivimba au kupata moto upande mmoja, ichomoe, itoe nje.

Weka TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme, na kwenye mipangilio yake:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Kwa mashine inayokaa kwenye chaja kutwa hii ndiyo dawa. Anayetegemea betri wakati wa mgao wa umeme apandishe hadi 90 na 95.

Kuchaji kwa USB-C kumefanyika bila kugusa bodi: waya uliotengenezwa tayari, upande mmoja USB-C, upande wa pili pini ya duara ya Lenovo ya mm 7.9, ukiwa na chipu ya kuomba volti 20 ndani yake. Chaja iwe inatoa volti 20 na ampia 3.25, yaani wati 65. Chaja nyingi za simu zinaandikwa "wati 65" kwa herufi kubwa, ila soma yale maandishi madogo: nyingine zinafika wati hizo kwa volti 10 au 11 tu, kwa simu za kampuni yao. Waya ukikosa volti 20 unabaki kwenye 5, na mashine haioni chaja kabisa.

Mfumo

Windows 10 iliachwa kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na CPU za kizazi cha nane na kuendelea; X230 ina TPM 1.2 na kizazi cha tatu. Njia za kuilazimisha zipo, ila masasisho makubwa hukwama. Debian 12 imewekwa, na kila kitu kimetambulika bila kutafuta dereva za ziada, isipokuwa fimiwea ya AX200 inayokuja na kifurushi cha firmware-iwlwifi.

Video ndiyo inayofichua umri. HD Graphics 4000 inafungua H.264 kwa chipu, lakini VP9 na AV1, mifumo mipya zaidi ya kubana video, zinaangukia CPU, na feni inapiga kelele. Kiongezi cha h264ify kwenye kivinjari kinailazimisha YouTube ilete H.264. 1080p inapita bila shida. Zaidi ya hapo kioo chenyewe hakina haja.

Washa fstrim.timer kwa ajili ya SSD zote mbili. Kwenye kioo hiki maandishi ya ukubwa wa kawaida ni madogo: kipimo cha 125% kwenye Cinnamon au KDE kinayafanya yasomeke bila kupoteza nafasi yote iliyonunuliwa.

Kilichobaki

Spika hazijaguswa. Nafasi ya ExpressCard iko wazi, na kadi ya michoro ya nje inaweza kuingia kupitia hapo kwa PCIe 2.0 ya njia moja, lakini mlango huo ni mwembamba kiasi kwamba kadi kubwa inakaa bure. Skrubu mbili za bawaba zimewekewa gundi ya bluu ya nyuzi, kwa sababu utepe mpya hauvumilii mfuniko uliolegea. Zitakazwa tena baada ya mwezi wa matumizi, pamoja na kupima upya joto la CPU chini ya mzigo.